Soul ya zamani na soul mpya: kwa nini wachezaji wa kaskazini mwa Uingereza wanahitaji zote mbili

Kuko muziki ambao ulizaliwa katika miji ya Marekani, ukakosa wanunuzi kule, halafu ukapata maisha ya pili Uingereza, katika miji ya viwanda ambako waimbaji wengi hawakuwahi kukanyaga. Unaitwa northern soul, ni kusema soul ya kaskazini. Jina hilo linadanganya kidogo. Waimbaji si watu wa kaskazini mwa Uingereza. Ni Wamarekani, wengi wao weusi, toka Detroit, Chicago, Philadelphia, New York na Los Angeles. Watu wa kaskazini ni wale wanaocheza.

Zaidi ya miaka 50 imepita tangu jina hilo lianze kutumika, na ngoma bado inachezwa. Lakini kuko swali moja ambalo linarudi kila mara wapenzi wa muziki huu wanapokutana: DJ apige tu diski za zamani ambazo kila mtu anazijua, ao aweke pia soul mpya ambayo inarekodiwa sasa hivi? Mtu anaweza kusema hayo ni masolo ya kujifurahisha tu. Kumbe ndani yake kuna mkate wa watu. Ili kuelewa, tuanze mwanzo.

Diski zilizokataliwa kwao

Mwaka 1959, Berry Gordy alianzisha kule Detroit kampuni ambayo ilikuja kujulikana kwa jina la Motown. Sauti yake ilikuwa rahisi kutambua: ngoma inapiga kwa nguvu bila kupumzika, besi inatembea, tari inalia, violini na tarumbeta vinajaza nafasi, na juu yake mwimbaji mwenye sauti iliyolelewa kanisani. Motown ikauza sana. Mara moja makampuni madogo madogo ya Detroit, Chicago na miji mingine yakajaribu kufanya vile vile. Walitoa maelfu ya diski ndogo za 45, zile zenye wimbo mmoja kila upande.

Nyingi kati ya hizo hazikupata bahati. Redio hazikuzipiga, maduka hayakuziagiza, kampuni ikafunga milango, diski zikabaki ndani ya depo zikishika vumbi. Si kwamba nyimbo zilikuwa mbaya. Wakati huo nyimbo nzuri zilikuwa nyingi kuliko nafasi kwenye redio.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1963, mjini Manchester, bwati moja iliyoitwa Twisted Wheel ilifunguliwa. Vijana waliokuja pale walikuwa watoto wa wafanyakazi: wiki nzima kiwandani, migodini ao ofisini, Jumamosi usiku kucheza mpaka asubuhi. Walipenda soul yenye mwendo wa haraka, ile ambayo haikuachi ukae. Mwisho wa miaka ya 60, Marekani yenyewe ilikuwa imeshageuza njia. Funk ya James Brown ilikuwa inapanda, mwendo ulibadilika. Vijana wa kaskazini hawakufuata. Wao waliendelea kuomba sauti ya 1965 na 1966.

Mtu aliyelipa jambo hili jina ni Dave Godin, mwandishi wa gazeti la Blues & Soul na mwenye duka la diski London, Soul City. Aliona kwamba mashabiki wa mpira toka kaskazini, wakishuka London kufuata timu zao, walipita dukani na hawakuulizia diski mpya za Marekani. Waliulizia zile za haraka za zamani. Godin akawaambia wafanyakazi wake waziite diski hizo northern soul, ili wasipoteze muda kuwaonyesha wateja hao vitu ambavyo hawatanunua. Mwaka 1970 aliandika jina hilo katika gazeti, na likabaki.

Usiku wa Wigan

Twisted Wheel ilifungwa 1971. Wachezaji wakahamia sehemu nyingine, kama Golden Torch ya Tunstall, karibu na Stoke-on-Trent, ambayo nayo ilifungwa 1973. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, tarehe 23, ikafunguliwa ile ambayo mpaka leo watu wanaitaja kwa heshima: Wigan Casino.

Wigan ulikuwa mji wa makaa ya mawe na viwanda vya pamba. Casino yenyewe haikuwa mahali pa kamari. Ilikuwa jumba kubwa la zamani la kuchezea. Vijana walitoka miji ya mbali kwa basi na treni, wakaingia usiku wa manane na kutoka saa mbili ya asubuhi. Pombe haikuuzwa kwenye usiku huo wa soul. Walivaa suruali pana na viatu vya soli ya ngozi, wakanyunyiza poda ya talki chini ili miguu iteleze vizuri. Walizunguka, wakaanguka kwa mgongo, wakainuka, wakaendelea. Kila mtu alicheza peke yake, lakini katikati ya wengine. Kwenye mifuko yao walishona alama ya ngumi iliyoinuliwa, pamoja na maneno ya kuhimizana kushika imani.

Tusifiche upande mwingine. Wengi walitumia vidonge vya kuzuia usingizi ili wafike asubuhi. Polisi walifuatilia, na baadhi ya buati zilipata shida na serikali kwa sababu hiyo. Kuko walioharibu afya yao.

Usiku uliisha kila mara kwa nyimbo zile zile tatu: ya Tobi Legend, ya Jimmy Radcliffe na ya Dean Parrish. Ziliitwa tatu kabla ya saa mbili. Aliyecheza pale akizisikia leo, hata kama ni babu ao bibi mwenye wajukuu, anajua mikono yake ilikuwa wapi. Casino ilifungwa Desemba 1981.

Diski moja, bei ya gari

Hapa njo kuna jambo ambalo linatofautisha muziki huu na mingine. DJ wa northern soul hakutafuta wimbo uliopigwa sana. Alitafuta ule ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao. Watu walisafiri Marekani, wakaingia kwenye depo za zamani, wakafungua makatoni. Aliyepata diski nzuri isiyojulikana aliificha: alibandika karatasi juu ya jina la kweli, akaandika jina la uongo, ili ma-DJ wengine wasiende kuitafuta.

Mfano mkubwa ni Frank Wilson. Mwaka 1965 alirekodi wimbo Do I Love You kwa lebo ya Soul, moja ya lebo za Motown. Diski chache zilitengenezwa kwa majaribio, halafu mpango ukaachwa na inasemekana karibu zote ziliharibiwa. Wilson mwenyewe alichagua kuwa mtayarishaji, akafanya kazi na wasanii kama The Supremes na Four Tops. Miaka ya 70, diski yake ilipoanza kupigwa Uingereza, ilifichwa chini ya jina la mwimbaji mwingine, Eddie Foster. Mwaka 2009, kopi moja ya diski hiyo iliuzwa pauni 25,742, karibu dola 40,000 za wakati huo.

Mfano mwingine ni Tainted Love. Gloria Jones aliuimba katikati ya miaka ya 60 na Marekani haikuusikiliza. DJ Richard Searling alileta diski hiyo toka Philadelphia mwaka 1973, wachezaji wakaipenda. Mwaka 1981, kundi la Soft Cell la Leeds likaurudia kwa vinanda vya umeme, na ukafika namba moja Uingereza.

Angalia vizuri mambo hayo. Watu husema northern soul ni muziki wa zamani. Lakini kwa aliyekuwa Wigan mwaka 1974, diski ya 1965 ambayo hajawahi kuisikia ilikuwa mpya kabisa. Hamu ya kusikia kitu kipya ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Upya wenyewe ulikuwa unachimbwa ndani ya depo.

Ugomvi wa Blackpool na Wigan

Depo hazijazi milele. Katikati ya miaka ya 70, diski nzuri za 1965 zilianza kupungua, na wengine wakaanza kupiga hata nyimbo dhaifu, mradi tu ziwe za haraka na adimu. Kule Blackpool, mji wa pwani, katika ukumbi wa Highland Room wa Mecca, ma-DJ wawili, Ian Levine na Colin Curtis, wakachukua njia nyingine. Levine alikuwa anasafiri Miami kununua diski. Alirudi na soul iliyokuwa imetoka juzi juzi. Wimbo wa The Carstairs, It Really Hurts Me Girl, wa mwanzo wa miaka ya 70, unatajwa kama ndio uliofungua mlango.

Mwendo wake haukuwa ule wa kukimbia. Ngoma ilikuwa laini zaidi, besi nzito, na nafasi ya kupumua kati ya maneno. Wengine walifurahi sana. Wengine walikasirika mpaka wakatengeneza maandishi ya kudai Levine aondoke. Wachezaji wakagawanyika: Wigan kwa sauti ya zamani, Blackpool kwa sauti mpya.

Toka ugomvi huo ikazaliwa ile inayoitwa modern soul. Tofauti ni hii. Northern soul ya asili ni ya miaka ya 60: haraka, ngoma mbele, wimbo hauzidi dakika tatu. Modern soul inaanzia miaka ya 70 na kuendelea: mpole zaidi, sauti ya studio iliyo safi, vinanda vya umeme, wakati mwingine inakaribia disco. Mguu unateleza badala ya kuruka. Lakini uchungu na furaha ndani ya sauti ya mwimbaji ni vile vile.

Na sisi hatukuwa mbali na upepo huo. Septemba 1974, Wigan Casino ikitimiza mwaka mmoja, Kinshasa ilipokea tamasha la Zaïre 74, lililopangwa kuambatana na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. James Brown, Bill Withers, B.B. King na The Spinners walipanda jukwaa moja na Franco na Tabu Ley. Soul ilikuwa imeshaingia hata kabla ya siku hizo. Trio Madjesi, yaani Mario, Djeskin na Sinatra, walijulikana kwa kuchanganya rumba na mavazi na miguu ya soul ya Marekani. Kumbe kijana wa Kinshasa na kijana wa Blackpool walikuwa wanasikiliza muziki wa familia moja katika mwaka mmoja. Tofauti ni kwamba Kinshasa ilichukua ile iliyokuwa inavuma, na Wigan ilichukua ile iliyosahauliwa.

Soul mpya inatoka wapi

Wengi walidhani mambo yataisha na kufungwa kwa Casino. Hayakuisha. Mikesha ya 100 Club, London, iliendelea. Lebo ya Kent, kuanzia 1982, ikarudisha nyimbo adimu kwa watu wasio na pesa ya diski ya kwanza. Na toka miaka ya 2000, kukatokea jambo lingine: vijana wakaanza kurekodi soul upya, kwa orkestra nzima ndani ya chumba kimoja.

Mfano unaojulikana ni Daptone, lebo ya Brooklyn, New York. Walirekodi kwa kanda, kwa mashine za zamani, tarumbeta za kweli, ngoma za kweli. Mwimbaji wao mkubwa alikuwa Sharon Jones, ambaye kabla ya umaarufu alifanya kazi ya ulinzi katika gereza la Rikers Island. Albamu yake ya kwanza ilitoka 2002, akiwa ameshapita miaka 40. Mwenzake Charles Bradley, aliyefanya kazi ya upishi kwa miaka mingi, alitoa albamu ya kwanza 2011 akiwa na miaka 62. Wanamuziki wa Sharon Jones, The Dap-Kings, njo waliopiga sehemu ya albamu ya Amy Winehouse ya 2006, Back to Black. Aliyesikiliza albamu hiyo ameshasikia soul mpya, hata kama hakujua jina lake.

Si Marekani peke yake. Finland, nchi ya baridi kali, kuna lebo ya Timmion ya Helsinki. Nicole Willis, Mmarekani anayeishi kule, pamoja na The Soul Investigators, walitoa If This Ain't Love katikati ya miaka ya 2000. Ma-DJ wa northern soul waliipokea kama ndugu aliyepotea: mwendo wa 1966, lakini mwimbaji yuko hai na anaweza kuja kuimba Jumamosi ijayo. Kule Ohio kuna Colemine, iliyotoa kazi za Durand Jones & The Indications, ambao wanafaa sana masikio ya modern soul. Lebo hizi bado zinatoa diski ndogo za 45, kwa sababu wanunuzi wao wanazitaka.

Nani anakula faida

Sasa turudi kwenye mkate. Diski ya zamani ikiuzwa kwa maelfu ya dola, pesa inatoka mkononi mwa mkusanyaji mmoja na kuingia mkononi mwa mwingine. Mwimbaji hapati kitu. Mtunzi hapati kitu. Ndivyo ilivyo kwa kila kitu kinachouzwa mara ya pili, kama baiskeli ya okazyo: aliyeitengeneza hana sehemu tena.

Redio nayo ina mambo yake. Marekani, redio za kawaida zinamlipa mtunzi wa wimbo, lakini hazimlipi mwimbaji. Na kundi lingine likirudia wimbo wako, kama Soft Cell walivyofanya, anayelipwa kwa utunzi ni mtunzi. Aliyeimba mara ya kwanza haingii kwenye hesabu hiyo. Mtu anaweza kuwa mfalme mjini Wigan na asijue. Dean Parrish, ambaye wimbo wake ulifunga usiku kwa miaka, kwa muda mrefu hakuwa na habari kwamba Uingereza inamcheza.

Lakini kwake yeye kuna mwendelezo mzuri. Mwaka 2006 aliitwa kurekodi tena, na kundi la Lord Large, wimbo Left Right & Centre uliotungwa na Paul Weller. Sauti ya zamani, wimbo mpya. Edwin Starr naye, mzaliwa wa Marekani, alihamia Uingereza na kuendelea kuimba mbele ya wachezaji waliompenda mpaka kifo chake 2003. Pale ambapo watu walikubali kumwita msanii akiwa hai, msanii alipata kazi.

Njo maana wanaotetea soul mpya wanasema hivi: diski ya zamani inamlipa muuzaji, diski mpya inamlipa mwimbaji. Wanasema pia kwamba waliocheza Wigan wakiwa na miaka 18 sasa wamepita 60. Ukumbi ukipiga nyimbo zile zile 200 tu, kijana ataingia mara moja, ataona sherehe ya wazee, hatarudi.

Wanaotetea zamani nao wana neno. Wanasema ma-orkestra mengine mapya yanaiga tu sauti, kama mtu aliyevaa koti la babu yake bila kujua kwa nini lilishonwa vile. Zile za 1965 ziliimbwa na watu waliokuwa wanatafuta kutoka katika umaskini na ubaguzi, kwa nafasi moja tu ya kurekodi. Hiyo haiwezi kununuliwa kwa mashine ya zamani. Neno hilo lina ukweli, na soul mpya iliyo mbaya inauthibitisha. Lakini Charles Bradley hakuiga umaskini. Aliuishi.

Kusikiliza zote pamoja

DJ mwenye akili hachagui upande mmoja. Anapanga usiku kama mpishi anavyopanga sahani. Anaanza na nyimbo za zamani zinazojulikana, ili watu washuke kucheza bila woga. Watu wakishapata moto, anaingiza moja mpya yenye mwendo ule ule, katikati ya mbili za zamani. Asiyejua tarehe yake ataendelea kucheza. Baadaye, miguu ikianza kuchoka, anashuka kwenye modern soul, halafu anarudi juu. Asiyependa wimbo mmoja anajua ule anaoupenda uko karibu.

Jambo hili halihusu Waingereza tu. Kwetu pia, msikilizaji mmoja anaomba Franco, mwingine anaomba wimbo uliotoka juzi, na kila mmoja anamwona mwenzake hana sikio. Lakini orkestra ya leo inajifunza gita kwa kusikiliza ya zamani, na ya zamani inapata wasikilizaji wapya kupitia ya leo. Na kwetu pia kuna wanamuziki wazee ambao diski zao za zamani zinatafutwa na wageni, huku wao wenyewe wakingoja kuitwa kuimba.

Anayetaka kujaribu, atafute kwenye simu nyimbo tatu na kuzifuatanisha: kwanza Do I Love You ya Frank Wilson, kisha It Really Hurts Me Girl ya The Carstairs, mwisho If This Ain't Love ya Nicole Willis na The Soul Investigators. Asikilize ngoma na besi kwanza, sauti baadaye. Kama miguu inaanza kusogea kwa zote tatu, tayari ameelewa kwa nini wale wa kaskazini hawalali Jumamosi usiku. Na kama ile ya tatu imempendeza, ainunue. Nicole Willis bado anaimba.